Tulianza mtaani, sasa wanatuambia tuwe chama

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya harakati za wananchi zinazogeuka kuwa vyama vya siasa, mistari kama mitano hivi, nikasema tutarudi siku nyingine. Basi simu haijapumzika. Meseji zimekuja kutoka kila upande na nyingine ndefu kuliko safu yenyewe, na nimezisoma zote. Nimechagua tano, nimezikata kidogo, majina nimeyaacha kwa sababu wengine mpo kwenye mambo mazito.

SWALI: Dada, habari yako. Mimi niko Kisumu, nina miaka 26. Juni 2024 nilikuwa barabarani na wenzangu tukipinga Mswada wa Fedha. Tulikuwa tunasema hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama. Sasa kwa grupu letu la WhatsApp kuna wenye wanasema tusajili chama kabla ya uchaguzi wa 2027, wengine wanasema huo ni usaliti, na watu wameanza kutoka kwa grupu mmoja mmoja. Nataka kujua, ni nini hufanya watu wa harakati waamue kuwa chama? Ni tamaa ya viti ama kuna kitu kingine?

JIBU: Mdogo wangu, pole na hongera, vyote viwili. Ugomvi wa namna hiyo najua unavyouma, manake watu mliokimbia pamoja kwenye moshi hamkutakiwa kuja kublokiana.

Nianze na hilo la tamaa. Tamaa ipo, siwezi kukudanganya, kwenye kila kundi hakosekani mtu anayeota gari lenye bendera. Lakini hebu fikiria, mwenye tamaa ana njia ya mkato, anaenda kwenye chama kikubwa kilichopo anaomba tiketi na ndo wengi wanavyofanya kila uchaguzi. Kuanzisha chama kipya ni mzigo. Kwenu Kenya mkishapata usajili wa muda mna siku 180 muwe mmeandikisha wanachama wasiopungua 1,000 ambao ni wapiga kura kwenye kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24, piga hesabu hapo ni watu 24,000 wenye majina na vitambulisho, na ofisi juu yake. Mtu hajitwishi yote hayo kwa sababu ya gari tu.

Ninavyoona mimi kinachosukuma zaidi ni uchungu wa kuona jasho lako linakaushwa na mtu mwingine. Angalieni yaliyowakuta nyie wenyewe. Tarehe 25 Juni watu wakaingia mpaka Bungeni, wengine hawakurudi nyumbani, siku ya pili yake Rais Ruto akasema hausaini mswada. Julai akavunja baraza la mawaziri. Mlishinda, hilo mtu asiwanyang'anye. Lakini baraza jipya lilipotangazwa walioingia kutoka nje ya serikali walikuwa wakubwa wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, John Mbadi akapewa Hazina, Joho, Oparanya na Wandayi wakapata wizara zao. Alafu Desemba ikasainiwa sheria nyingine ya kodi na baadhi ya yale mliyoyakataa yakarudi ndani yake. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, ila nyie mlichumia juani na kivulini wakakaa wengine.

Hapo ndo harakati nyingi duniani huanza kujiuliza swali lenu. Mtaa unajua kukataa, na ukikataa kwa sauti kubwa kweli serikali inarudi nyuma. Lakini sheria inayokuja baada ya ile iliyokataliwa inaandikwa na nani? Inaandikwa na aliyekaa kwenye kiti, na kiti kinapatikana kwa kura, na kura zinahitaji karatasi yenye jina la mtu na alama ya chama. Huwezi kuandamana kila wiki miaka mitano mfululizo, watu wana kazi, wana watoto, wana mitihani.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo kwa sababu Kenya imeshapita njia hii na wazazi wako wanaikumbuka. Kuanzia Juni 1982 katiba ilikuwa na kifungu cha 2A kinachosema chama ni KANU tu. Julai 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia wakaita mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakawekwa kizuizini kabla siku yenyewe haijafika, watu wakaenda hivohivo na ndo Saba Saba, tarehe saba mwezi wa saba, mnayoikumbuka mpaka leo. Agosti 1991 wakajitokeza wazee sita wakatangaza FORD: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz wa Mombasa. Kwa nini sita? Kwa sababu sheria ilikuwa inahesabu kundi la watu kumi na kuendelea kuwa ni jumuiya inayotakiwa kusajiliwa, na hakuna ambaye angewasajili. Wakabaki wachache makusudi. Hata jina lenyewe angalia, ni jukwaa la kurejesha demokrasia, neno chama halimo. Walikuwa wanadai jambo moja, kifungu kiondoke.

Novemba wafadhili wakasimamisha misaada, Desemba 1991 kifungu kikaondoka. Sasa hapa ndo penye somo lote na naomba usome taratibu. FORD ilikuwa imeshapata ilichokuwa inadai, na siku hiyohiyo ikapoteza kile kilichokuwa kinawaweka watu pamoja. Mpaka jana yake wote walikuwa wanasema kitu kimoja, kesho yake swali likawa nani aende Ikulu. Ikawa chama ndani ya muda mfupi sana, na hawakuwa wamekubaliana mgombea anapatikanaje, Matiba alitaka wanachama wote wapige kura, upande wa Jaramogi ukataka wajumbe, na kabla ya uchaguzi kuna FORD mbili, ya Jaramogi imekaa Agip House inaitwa FORD-Kenya na ya Matiba iko Muthithi House inaitwa FORD-Asili. Kibaki naye yuko pembeni na chama chake cha DP. Tarehe 29 Desemba 1992 Rais Moi wa KANU akashinda kwa kama asilimia 36 tu. Zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walimkataa na bado alishinda! Nikiwaza mama aliyepigwa rungu Kamukunji na akaishi kuona hesabu ile, moyo unaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo jibu langu kwako, waliosema mwe chama siyo wasaliti na waliokataa siyo waoga. Wote wameona kitu cha kweli. Ila msisajili chochote kabla hamjakaa chini mkajibu swali moja ambalo FORD hawakulijibu mapema, mtu wetu tutampataje na yule atakayeshindwa ndani yetu tutakaa naye vipi. Mkiweza kulijibu hilo kwenye grupu la watu mia mbili bila kublokiana basi mnaweza kulijibu kwenye kaunti 24. Mkishindwa, cheti cha msajili hakitawasaidia.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mkulima, mkoa wa Morogoro. Tuna kikundi chetu cha kutetea mashamba ya wanakijiji, tunaaminika sana hapa, na kijana wetu mmoja angesimama udiwani leo angepita bila hata kampeni. Lakini tunaambiwa lazima awe na chama. Sisi hatutaki kuingia kwenye vyama, tunataka ardhi yetu tu. Kwa nini haiwezekani asimame mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Ndugu yangu swali lako limenigusa kwa sababu kuna mtu alipigania hilohilo zaidi ya miaka 20 mpaka akafa na bado halijawa.

Kwetu Tanzania katiba na sheria za uchaguzi zinataka mgombea, iwe udiwani, ubunge au urais, awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alienda mahakamani kupinga, Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 1994, Bunge likabadilisha katiba kuziba ile nafasi, akarudi tena mahakamani akashinda tena 2006, serikali ikakata rufaa na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge siyo la majaji. Akaenda Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu ambayo ipo hapahapa Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 majaji wakasema Tanzania imekiuka haki kwa kuzuia mgombea binafsi. Mtikila alifariki Oktoba 2015, kifungu bado kipo. Wenzetu Kenya katiba yao ya 2010 inaruhusu.

Kwa hiyo watu wakiuliza kwa nini harakati zinageuka chama mara nyingine jibu ni fupi sana, sheria imeacha mlango mmoja tu. Mnabaki na njia mbili, kuanzisha chama au kuazima. Kuanzisha kwetu ni wanachama 200 kwenye kila mkoa katika mikoa isiyopungua kumi, na Unguja na Pemba zimo lazima, sasa kikundi cha kijiji kimoja Morogoro kitaenda kutafuta watu 200 Pemba kwa shida ya shamba la Morogoro? Ndo wengi wanaazima. Kijana anachukua kadi ya chama fulani, anasimama, anapita, na kuanzia siku hiyo ana mabwana wawili, kijiji na chama, na chama kina uwezo wa kumfukuza uanachama akapoteza kiti. Kule Bolivia wakulima wa majani ya koka walipitia hukohuko, tume ya uchaguzi ilikataa kuwasajili, mwaka 1997 kiongozi wao Evo Morales akaingia Bungeni kwa jina la chama cha kuazima, baadaye wakapewa jina la chama kingine kilichokuwa kimelala, wakaliita lao, na mwaka 2005 akawa rais kwa karibu asilimia 54. Wenyewe hata hawakupenda kukiita chama, walikiita chombo, yaani zana ya kufanyia kazi kama jembe.

Na hili la ardhi kuzaa chama siyo geni hapa kwetu. Mwaka 1951 Wameru wa Ngare Nanyuki, watu kama 3,000, walitolewa kwenye ardhi yao ili wapewe walowezi. Wakachangishana hela, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, mwaka 1952 akasimama Umoja wa Mataifa akaongea. Alisikilizwa. Ardhi haikurudi wakati ule. Watu walioiona kesi ile waliondoka na funzo kwamba barua na maombi yana mwisho wake, na mwaka uliofuata Nyerere akawa rais wa TAA, na TAA tangu ilivyoanza 1929 kama African Association ilikuwa ni jumuiya ya watu kukutana na kusaidiana na kuandikia serikali barua. Tarehe 7 Julai 1954 ikageuzwa TANU, jengo lilelile na wengi wao ni watu walewale, kilichobadilika ni dai. Jumuiya inaomba mambo yarekebishwe, chama kinasema tupe nchi tuiendeshe. Na mkoloni aliielewa tofauti hiyo haraka kuliko watu wengine, akapiga marufuku watumishi wake kuingia TANU, na Nyerere mwenyewe mwaka 1955 ikabidi aache kufundisha Pugu.

Naomba niongeze kitu hapa kuhusu NCCR kwa sababu watu wa umri wangu hatukukisahau. Juni 1991 wapenda mageuzi walikutana Dar es Salaam wakaunda kamati ya taifa ya mageuzi ya katiba, na hiyo ndo maana ya kwanza ya zile herufi NCCR, ilikuwa kamati! Dai lao lilikuwa katiba mpya ipatikane kwa mkutano wa kitaifa. Vyama viliporuhusiwa Julai 1992 wakajikuta njiapanda, wakikaa nje kama kamati wataongea wenyewe wakati wengine wanasimama majukwaani. Wakawa chama, NCCR-Mageuzi. Mwaka 1995 Augustino Mrema akatoka CCM akaja kugombea kwa tiketi yao, nilikuwa msichana wa sekondari na nilimwona kwa macho yangu gari lake likisukumwa na watu, vumbi, nyimbo, wazee wanalia. Alipata kama asilimia 28. Ila chama kilishaanza kuishi kwa jina la mtu mmoja, yeye na kiongozi mwenzake Mabere Marando wakavutana miaka kadhaa, 1999 Mrema akahamia chama cha TLP, na uchaguzi wa 2000 NCCR wakabaki na mbunge mmoja tu wa jimbo. Na katiba mpya waliyoanza nayo mwaka 1991? Mpaka leo bado tunaidai.

Kwa hiyo kijana wenu akisimama kwa kadi ya kuazima sitawalaumu, ila mwandikishane naye kabla, kwa maandishi, mbele ya kijiji kizima, kwamba kikundi kinabaki na viongozi wake wengine na yeye atakuja kukitolea hesabu kila baada ya miezi kadhaa. Ardhi ikiwa mikononi mwa mtu mmoja aliyepata udiwani mtakuja kunikumbuka.

SWALI: Jambo dada. Niko Goma. Huku kwetu vijana wa LUCHA, harakati ya kupigania mabadiliko, wako tangu 2012, wamefungwa, wamepigwa, na hawakukubali kuwa chama hata siku moja. Wengine wanasema ni woga, ngisi gani unabadilisha inchi bila kuingia mu siasa? Wewe unaona je?

JIBU: Jambo sana ndugu yangu, na kwanza pole kwa yote ambayo mji wenu umepitia tangu waasi wa M23 walipouteka Januari 2025, tunawawaza.

Woga siyo. Mtu mwoga haendi kukaa chini mbele ya polisi kwa ajili ya maji ya bomba. Mwaka 2015 Fred Bauma wa LUCHA na mwanaharakati mwenzake Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa wakakaa jela mpaka Agosti 2016, na wakatoka wakaendelea. Ninavyoelewa mimi sababu yao ni nyingine. Congo ina mamia ya vyama vilivyosajiliwa, mamia kabisa, na vingi ni begi la mtu mmoja, anakibeba mpaka kwenye mazungumzo na serikali, anapata kacheo, anarudi nyumbani. Mahali ambapo neno chama limeshuka bei namna hiyo harakati ikijiita chama inapoteza kitu pekee ilichonacho, yaani kuaminika. Mama wa sokoni anayempa kijana wa LUCHA maji ya kunywa akitoka maandamano atajiuliza ahaa kumbe na wewe ulikuwa unatafuta ubunge.

Senegal wale wa Y'en a marre, yaani tumechoka, walifanya hivyohivyo. Walianza 2011, marapa na waandishi wa habari waliochoshwa na umeme kukatika na rais Wade kutaka muhula wa tatu, wakahamasisha vijana wajiandikishe kupiga kura, 2012 Wade akaanguka kwa kura na wao hawakugombea. Walisema kazi yetu ni kulinda.

Ila nikuambie ukweli wangu, hiyo inawezekana pale ambapo yupo mtu mwingine wa kuingia. Senegal alikuwepo Macky Sall na wengine wenye vyama vilivyo tayari, na kura zilihesabiwa. Kama hakuna chama hata kimoja unachoweza kukisukuma na kikasukumika, na kura hazihesabiwi, basi kukaa nje nako kunakuwa ni kungojea. Hilo mnalijua nyie wa huko kuliko mimi wa huku.

SWALI: Dada mpendwa, mimi ni Mtanzania nasoma Bremen, Ujerumani. Hapa naambiwa chama cha Kijani kilianza kama maandamano ya wapinga nyuklia. Ninachojiuliza ni hela. Watu wa maandamano walipata wapi hela za kuendesha chama cha nchi nzima?

JIBU: Umeuliza ukiwa mji wenyewe! Bremen ndo jimbo la kwanza ambako orodha ya wagombea wa kijani iliingia bunge la jimbo, Oktoba 1979, walipita kwa kama asilimia 5.1 na pale ukikosa 5 hupati kitu. Chama chenyewe cha taifa kikaundwa Karlsruhe Januari 1980.

Hela ilitoka kwenye sheria. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa inarudishia gharama za kampeni kila orodha iliyopata angalau nusu ya asilimia moja ya kura. Juni 1979 watu wa kijani walisimama uchaguzi wa Bunge la Ulaya wakapata asilimia 3.2, hawakupata hata kiti kimoja, lakini wakarudishiwa zaidi ya Mark milioni 4, nyingi kuliko walizotumia. Hela hiyo ndo ilijenga chama. Huko ruzuku ilimfikia hata aliyekosa kiti, na hiyo peke yake inaeleza kwa nini kule harakati iliona chama ni jambo linalowezekana. Watu hawalitazami hili, wanadhani uamuzi wa kuwa chama unatokana na mawazo makubwa tu, kumbe saa nyingine ni kifungu kimoja cha sheria kinachosema nani analipwa.

Na kuna kitu kizuri zaidi kwenye hadithi yao. Mwaka 1975 kijiji cha Wyhl kusini kule, wakulima wa zabibu na wanafunzi walikalia uwanja uliotengwa kujengwa kinu cha nyuklia, na kinu kile hakikujengwa mpaka leo. Walikizuia watu waliokaa chini, chama kilikuwa hakijazaliwa. Lakini vinu vilivyokwishajengwa na vinawaka, hivyo huwezi kuvizima kwa kukaa shambani, inatakiwa sheria ya nchi. Wakaingia Bungeni 1983 kwa asilimia 5.6, wabunge wao wakawa wanaachiana viti katikati ya muhula ili mtu asizoee, Petra Kelly, mmoja wa waanzilishi, akakiita chama kinachopinga vyama, na 1998 wakaingia serikalini. Gharama yake waliilipa, 1999 waziri wao wa mambo ya nje Joschka Fischer akaunga mkono vita ya Kosovo na kwenye mkutano wa chama Bielefeld akarushiwa rangi nyekundu sikioni na mpinga vita. Vinu vya mwisho vilizimwa Aprili 2023. Hesabu kutoka Wyhl, ni miaka 48.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, napeleka mizigo Tunduma mpaka Ndola na Kitwe. Wazee wa Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba Zambia, wananiambia MMD ilikuwa harakati ya watu wa migodini ikamtoa Rais Kaunda, lakini wakiongea unaona wana kinyongo. Kwani kilitokea nini baada ya kushinda?

JIBU: Kazi njema kaka, na Mungu akulinde barabarani.

Wazee wako wanasema kweli. Juni 1990 bei ya unga ilipandishwa zaidi ya mara mbili, watu wakaingia barabarani, wakafa wengi. Julai wakakutana Lusaka viongozi wa wafanyakazi, wanasheria, wafanyabiashara na wanasiasa waliosukumwa pembeni, wakaunda MMD, harakati ya demokrasia ya vyama vingi, na nguvu yake kubwa ilikuwa matawi ya vyama vya wafanyakazi ambayo yalikuwa tayari yapo kila mgodi na kila mji. Frederick Chiluba mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa shirikisho la wafanyakazi. Kaunda akakubali vyama vingi Desemba, na wiki chache baadaye harakati ikawa chama. Tarehe 31 Oktoba 1991 Chiluba akapata asilimia 76, na wabunge 125 kati ya 150. Kaunda akakubali matokeo akaondoka, na hilo tumheshimu nalo.

Kinyongo kinaanzia hapo. Viongozi wa wafanyakazi walihamia serikalini, mwenyekiti akawa rais, katibu mkuu wao Newstead Zimba akawa waziri, na serikali hiyohiyo ikaanza kuuza mashirika ya umma na mwishowe migodi, watu kwa maelfu wakapoteza kazi, na mfanyakazi alipogeuka kumtafuta yule aliyekuwa anampigania akamkuta amekaa upande wa pili wa meza. Walikuwa wamehamia wote! Hilo ndo ninaloliogopa mimi kila nikisikia harakati inaenda kusajiliwa, siyo kwamba imeingia, ila imeingia na watu wake wote na mlango umefungwa nyuma yao, hakuna aliyebaki nje kugonga.

Na ona kilichofuata. Mwaka 2001 Chiluba akaanza kutafuta muhula wa tatu. Aliyemzuia ni makanisa, wanasheria na vikundi vya wanawake walioungana wakajiita Oasis Forum, wakavaa utepe wa kijani, na baadhi ya wabunge na mawaziri wake mwenyewe wakakataa pia, wengine akawafukuza. Hao wa Oasis hawakuandikisha chama. Walikuwa wanaomba watu wapige honi za magari kila Ijumaa jioni, saa kumi na moja, mji mzima unalia honi, na mwezi Mei Chiluba akaenda kwenye televisheni akasema hagombei tena.

Kaka wewe ni mtu wa honi. Siku ukilala Lusaka ukakuta dereva wa teksi mwenye mvi, muulize alikuwa wapi zile Ijumaa za 2001, alafu uniandikie alivyokujibu.